Ardhi ya ziada ya kanisa kuwa mtaa wa nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (Kenya)

Makanisa mengi nchini Kenya yana ekari ambazo hazijapata kazi. Zilipotolewa, mji ulikuwa mbali. Leo mji umefika kwenye ua wa kanisa, kodi za nyumba zimepanda, na waumini vijana wanahamia mbali kutafuta chumba wanachoweza kulipia. Ndiyo maana wazo la kugawanya shamba na kujenga nyumba halikosi kutajwa katika mikutano mikuu ya kila mwaka. Naliunga mkono kwa moyo wote. Ila nimekaa na kamati za maendeleo za kutosha kujua kwamba wazo hili likiharibika, huharibikia karibu kila mara mahali pamoja: watu wamechora ploti kabla ya kuisoma hati. Kwa hiyo majibu haya yanaanza na hati, ramani zinafuata.

Kanisa lilipataje ardhi kubwa namna hii, na historia hiyo inatuhusu nini leo?

Vituo vya kwanza vya misheni havikuwa jengo la ibada peke yake. Rabai, ambako wamisheni Krapf na Rebmann waliweka kituo mwaka 1846. Freretown ya Mombasa, iliyoanzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Thogoto ya wamisheni wa Scotland, 1898: kila kimoja kilihitaji shamba la chakula, shule, zahanati, nyumba za walimu na mahali pa kuzikia. Freretown leo ni mtaa uliosongamana, na anayeshuka matatu Kengeleni anataja kengele ya misheni ile, ajue asijue.

Baadaye njia ziliongezeka. Familia zilikata kipande cha shamba lao wakakitoa, mabaraza ya wilaya yalitenga viwanja, na miji ilitoa ploti za kanisa kwa mkataba wa kukodi. Kila njia imeacha alama kwenye karatasi, na alama hiyo ndiyo itakayoamua kama mnaweza kujenga nyumba. Ardhi iliyotolewa na mzee mmoja mwaka wa uhuru inaweza kuwa na wajukuu wanaoamini kwamba babu yao aliitoa kwa ibada na si kwa biashara. Waiteni mapema, kabla hawajasikia habari hizo sokoni.

Ardhi hii ni jasho la waumini wa hapa. Kwa nini tusubiri ruhusa ya makao makuu?

Kwa sababu jina lililo kwenye hati si lenu. Katika Kanisa la Anglikana la Kenya mali nyingi iko chini ya Church Commissioners for Kenya. Katika PCEA, kanisa la Kipresbiteri, iko chini ya Presbyterian Foundation. Kwa Wakatoliki huwa chini ya wadhamini waliosajiliwa wa dayosisi. Kamati ya parokia inaweza kupendekeza, kukusanya fedha na kusimamia kazi. Kuweka sahihi ya kuuza au kugawanya haiwezi, na mkataba uliotiwa sahihi na mtu asiye na mamlaka humwacha mnunuzi bila ploti na kanisa likiwa na kesi.

Makanisa huru yana shida ya aina nyingine. Mara nyingi hati iko kwa jina la mchungaji mwanzilishi, au la wazee watatu ambao wawili wao wamefariki. Hapo kazi ya kwanza ni kusajili wadhamini chini ya Sheria ya Wadhamini wa Kudumu (Sura 164) na kuihamishia ardhi kwao, kabla familia za marehemu hazijaifungulia mirathi. Katika kila hatua wekeni kumbukumbu za kikao zenye namba kamili ya kipande cha ardhi, ekari zake, idadi ya wajumbe waliohudhuria na uamuzi wenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hati tunayo kabatini. Tuangalie nini hasa?

Msianzie kwenye hati ya kabatini. Anzieni kwenye rejista. Fanyeni upekuzi rasmi (sachi) kwenye ofisi ya ardhi, au kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, kwa Nairobi na kaunti nyingine ambazo tayari zimeingizwa kwenye mfumo huo uliozinduliwa Aprili 2021. Hati inaweza kukaa kabatini miaka arobaini ilhali rejista inaonyesha zuio la jirani, rehani ya benki ambayo hakuna anayeikumbuka, au barabara iliyokata kona.

Kisha someni aina ya umiliki. Kama ni umiliki huru, yaani usio na kikomo cha miaka, mna nafasi kubwa. Kama ni mkataba wa kukodi kutoka serikalini, tafuteni mambo mawili: miaka iliyobaki, na ukurasa wa masharti maalumu. Ploti za kanisa za mjini mara nyingi zina sharti linalosema ardhi na majengo yatumike kwa kanisa na shughuli zinazoambatana nalo, pengine pamoja na nyumba ya mhudumu. Nyumba ya mhudumu haimaanishi nyumba arubaini za kupangisha. Sharti hilo linaweza kubadilishwa kwa utaratibu wa kisheria, lakini haliwezi kupuuzwa.

Kuna jambo jingine ambalo makanisa yenye mizizi ya kimisheni husahau. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 hakimruhusu asiye raia kuwa na umiliki huru, na mali iliyo mikononi mwa wadhamini huhesabiwa kuwa ya raia pale tu manufaa yake yote ni ya raia. Umiliki huru uliokuwa mikononi mwa asiye raia siku Katiba ilipoanza, tarehe 27 Agosti 2010, uligeuka kuwa mkataba wa kukodi wa miaka 99. Kama hati yenu bado ina jina la shirika la misheni la ng'ambo, kwanza hamna uwezo wa kuigawanya, na pili huenda si ardhi ya kudumu mliyodhani.

Mwisho, fuateni mnyororo wa umiliki hadi mwanzo. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba hati iliyozaliwa na ugawaji usiofuata sheria haimlindi hata mnunuzi wa baadaye. Ardhi iliyobishaniwa, kule Nyali, ilikuwa imetengwa kuwa nafasi ya wazi ya umma. Kanisa lisione kwamba heshima yake katika jamii ni kinga. Mnunuzi makini atauliza asili ya hati, na wakili wake atauliza mara mbili.

Ploti yetu ilitengwa kwa matumizi ya umma wakati mtaa ulipopimwa. Tunaweza kujenga nyumba za kuuza?

Hapana, na sitaki kulainisha jibu hili. Mtaa unapogawanywa, sehemu fulani hutolewa kwa ajili ya shule, zahanati, uwanja au mahali pa ibada, na waliojenga mtaa huo walinunua ploti zao wakijua hivyo. Hata ikiwa kuna afisa anayewaambia yanawezekana, majirani wana haki ya kwenda mahakamani, na kwa mwelekeo wa uamuzi wa 2023 watakuwa na hoja nzito.

Na kama kuna shule ya umma juu ya shamba letu?

Shule nyingi zilianzishwa na makanisa, kisha Sheria ya Elimu ya 1968 ikaziweka chini ya serikali, na kanisa likabaki mfadhili. Kilichobadilika ni uendeshaji. Karatasi za ardhi mara nyingi hazikuguswa. Matokeo yake ni shamba moja, hati moja, na ndani yake kanisa, shule ya msingi, chekechea na uwanja wa mpira ambao kijiji kizima huutumia.

Ushauri wangu: shule ipimiwe kipande chake kwanza, ikiwa na uwanja wake wote na nafasi ya kukua, na makubaliano yaandikwe pamoja na bodi ya shule. Nimeona mipango ya nyumba ikichora ploti hadi kwenye mistari ya goli. Huo ni mpango utakaopingwa na kila mzazi, na wazazi watakuwa na haki. Uwanja wa shule msiuhesabu kuwa ziada.

Makaburi yako pembeni ya shamba. Yahamishwe?

Yaacheni. Kufukua hakufanywi bila kibali cha kisheria na ridhaa ya familia, na hata vikipatikana, uchungu hauishi. Yawekeni ndani ya kipande cha kanisa, yazungushieni ua wa miti, na muandike kwenye ramani njia ya familia kuyafikia.

Jirani amelima kipande chetu miaka mingi. Anaweza kukidai?

Anaweza. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Kesi (Sura 22), aliyekalia ardhi ya mtu binafsi waziwazi, mfululizo na bila ruhusa kwa miaka 12 anaweza kuomba mahakama imtangaze mwenye ardhi hiyo. Neno la kuzingatia hapo ni bila ruhusa. Aliyelima kwa ruhusa yenu hawezi kutumia njia hii, ila mtalazimika kuithibitisha ruhusa hiyo. Andikeni leo barua fupi za ruhusa kwa kila anayelima, zenye jina, mipaka ya kipande na muda, naye atie sahihi. Kama miaka 12 imepita na hakuna karatasi yoyote, nendeni kwa wakili kabla hamjaenda kwa saveya, na mfikirie kwa dhati kumwachia sehemu. Mama aliyesomesha watoto kwa mahindi ya shamba la kanisa asiwe wa kwanza kuondolewa na mradi wa makazi wa kanisa hilohilo.

Kugawanya na kubadilisha matumizi ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili. Kugawanya ni kukata namba moja ya ardhi kuwa namba nyingi. Kubadilisha matumizi ni kupata kibali kwamba ardhi iliyokuwa ya kanisa, ya taasisi au ya kilimo sasa itumike kwa makazi. Mnaweza kugawanya shamba la kilimo mkapata hati ishirini, zote bado za kilimo, na nyumba zikajengwa juu yake kinyume cha sheria. Matapeli wengi wa ploti wamejificha humo.

Kwa mradi wa nyumba, kwa kawaida matumizi hubadilishwa kwanza au maombi yote mawili huenda pamoja, yakiwa na mchoro mmoja wa mpango. Kama ardhi ni ya kilimo katika eneo linalodhibitiwa, kugawanya, kuuza na hata kukodisha kunahitaji pia idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi (Sura 302), ambayo huongozwa na naibu kamishna wa kaunti. Wadhamini wafike wenyewe mbele ya bodi wakiwa na azimio lililotiwa sahihi. Bodi huuliza maswali, na katibu wa parokia peke yake hatoshi.

Maombi kaunti huendaje?

Sheria inayotawala ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 (Na. 13 ya 2019), na mwenye mamlaka ni serikali ya kaunti. Mtahitaji mpangaji aliyesajiliwa, yaani mtaalamu wa mipango ya matumizi ya ardhi. Yeye huandaa ripoti inayoeleza ardhi ilivyo, mnachotaka kufanya, barabara inayofika hapo, maji, maji taka, na jinsi mradi unavyolingana na mpango wa eneo. Tangazo huwekwa gazetini na kibao husimikwa kwenye shamba lenyewe, na umma hupewa siku 14 kutoa maoni au pingamizi. Kisha kaunti hupeleka maombi kwa idara zake na mashirika husika: barabara, maji, afya ya umma, upimaji, mazingira. Kwa mradi wenye ukubwa wa kutosha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, itataka tathmini ya athari kwa mazingira, na hiyo ina mikutano yake ya wananchi.

Sheria inasema kibali kitahesabiwa kimetolewa iwapo mwombaji hajapata jibu la maandishi ndani ya siku 60. Msijenge kwa kutegemea kifungu hicho. Afisa anaweza kusema maombi hayakuwa kamili, na mkajikuta mnabishana kuhusu siku ya kwanza ilikuwa ipi huku kuta zikiwa juu. Kujenga bila kibali ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi 2, au vyote viwili. Hakikisheni kila karatasi inagongwa mhuri wa kupokewa, na nakala ikae ofisi ya kanisa, isikae kwenye gari la mwenyekiti.

Majirani wakipinga, au kaunti ikikataa?

Pingamizi nyingi hutokana na mambo matatu: msongamano kwenye barabara nyembamba, maji ya mvua yatakayoshuka kwa jirani wa chini, na hofu ya magorofa yatakayowachungulia. Yote matatu yana majibu ya kiufundi, na majibu hayo ni rahisi kuyatoa kabla ya kibao kusimikwa kuliko baadaye. Fanyeni mkutano na majirani wa kila upande wa shamba, Waislamu, Wakristo na wasio na dini, mkiwa na mchoro mezani. Wakisema mtaro upanuliwe, mwacheni mpangaji auchore hapo hapo wakiona.

Kaunti ikikataa, au ikiweka masharti msiyoyakubali, mna siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya rufaa ya mipango ya kaunti, na kutoka hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache kwa kanisa ambalo halmashauri yake hukutana kila baada ya miezi mitatu. Teueni mapema kikundi kidogo chenye mamlaka ya kuamua.

Ekari moja inatoa ploti ngapi?

Hapa ndipo hesabu za mkutanoni hukosewa. Ekari ni futi za mraba 43,560. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi 5,000. Mzee anagawa, anapata nane na ushei, na mkutano unaandika nane. Lakini hiyo ni ekari isiyo na barabara, mtaro wala mahali pa watoto kucheza. Ondoeni robo ya eneo kwa ajili ya hivyo, nayo ni makadirio ya wastani, na zinabaki futi 32,670: ploti sita. Shamba la ekari tano ambalo mkutano uliliona kuwa ploti arubaini linakuwa ploti 32. Kama bajeti ya paa jipya ilitegemea zile nane nyingine, bajeti hiyo haipo.

Shamba likiwa jembamba, lenye mteremko au limepakana na mto, idadi hushuka zaidi. Msishawishike kuirudisha kwa kubana barabara. Barabara ya ndani ya mita 9 inaonekana pana kwenye karatasi. Siku lori la zima moto au gari la kunyonya maji taka linapoingia na lingine linatoka, mtashukuru kila mita.

Maji taka tutayapeleka wapi?

Hili ni swali ambalo kamati huliacha mwisho, ilhali ndilo linaloamua ukubwa wa ploti. Pasipo na mfereji mkuu wa maji taka, kila nyumba itahitaji tangi lake na shimo la kunyonyea. Ploti thelathini za thumuni ekari, kila moja na shimo lake, na kisima kirefu cha kanisa katikati: huo ni mpango wa kuwanywesha watu taka zao. Mwombeni mhandisi afanye jaribio la jinsi udongo unavyonyonya maji. Kwenye udongo mweusi kama wa Kitengela na Athi River, unaovimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi, mashimo hujaa haraka na misingi ya nyumba huhitaji kuchimbwa kwa gharama kubwa.

Njia mbadala ni mtambo mdogo wa pamoja wa kusafisha maji taka. Unagharimu, unahitaji mtu wa kuutunza na ada ya kila mwezi, lakini unaruhusu nyumba za safu au ghorofa mbili tatu na kuacha nafasi ya wazi kubwa. Kwa ardhi iliyo karibu na mji, mimi ningechagua huo kuliko kumwaga ploti za 50 kwa 100 hadi mpakani.

Tuuze, tukodishe, au tuingie ubia na mwekezaji?

Kabla ya yote hayo, fanyeni jambo moja: katika mgawanyo wa kwanza kabisa, tengeni kipande cha kanisa lenyewe, nyumba ya mchungaji, makaburi, maegesho na nafasi ya kupanua, kiwe na hati yake peke yake. Hati hiyo isiingie kwenye mkataba wowote, wala isiwekwe rehani. Wabia wengi huomba hati nzima ya shamba ili wachukue mkopo. Mradi ukikwama, benki haitabagua madhabahu na ploti namba kumi na saba.

Kuhusu swali lenyewe, msimamo wangu ni huu: kodisheni kwa muda mrefu kila inapowezekana, uzeni kidogo, na ubia uwe wa mwisho. Ploti zikiuzwa, fedha huja mara moja. Zitajenga paa, zitanunua basi la vijana, na baada ya miaka kumi kanisa litakuwa halina ardhi wala fedha, na wanunuzi wa kwanza watakuwa wameshawauzia wengine kwa bei ambayo mwalimu wa Jumapili hawezi kuigusa. Ukikodisha ardhi kwa miaka 50 au 99, mwenye nyumba anapata usalama wa kujenga na kurithisha, nanyi mnabaki na sauti kuhusu bei na matumizi. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inaruhusu ghorofa kuwa na hati za kila nyumba hata juu ya ardhi ya kukodi, mradi muda uliobaki si chini ya miaka 21.

Kukodisha kuna ugumu wake. Benki hupenda umiliki huru, na wanunuzi Wakenya huthamini sana kuona jina lao kwenye hati ya ardhi isiyo na kikomo. Ndiyo maana nakubali kuuza ploti chache za pembeni, zile zinazopakana na barabara kuu, ili fedha zake zilipie barabara ya ndani, maji na mtambo wa taka. Zile za katikati zibaki mikononi mwa kanisa.

Kama ni lazima kuingia ubia, mkataba useme ni nani anabeba hasara, nyumba ngapi ni za kanisa na ziko ghorofa gani, na ardhi inarudi vipi kazi isipoanza kwa tarehe iliyowekwa. Mwekezaji anayewaharakisha mtie sahihi kabla ya sinodi kukaa ana sababu yake.

Waumini wapewe kipaumbele au bei nafuu?

Kipaumbele, naam, kwa kanuni zilizoandikwa na kubandikwa kabla ya ploti ya kwanza kutolewa. Kanuni zenyewe ziwe fupi: nani anastahili, familia moja ploti moja, bei ni ipi, malipo yanaingia akaunti ipi, na mtu hawezi kuuza ndani ya miaka kadhaa bila kulirudishia kanisa nafasi ya kwanza ya kununua. Kura ipigwe hadharani, baada ya ibada, namba zitolewe na mtoto mbele ya watu wote.

Wajumbe wa kamati, wachungaji, wakili na saveya wa mradi wasipate ploti nje ya kura hiyo. Najua hili linauma, kwa kuwa ndio waliofanya kazi. Walipwe kwa kazi yao. Saveya anayekubali kulipwa kwa ploti mbili za kona huwa na sababu ya kuchora kona nzuri. Waumini wakishaona kona zote zimeenda kwa viongozi, sadaka hupungua, na hakuna mahubiri yatakayoirudisha.

Nawaomba pia mfikirie wasio na akiba ya kununua chochote. Safu ya nyumba za chumba kimoja na sebule, za kupangisha kwa bei ya chini kwa wajane, wazee na wahudumu waliostaafu bila nyumba, ni kazi ambayo kanisa linaweza kuifanya na mwenye biashara hawezi.

Kodi na ada ni zipi?

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Muuzaji anahusika na kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Cheti cha kanisa cha msamaha wa kodi ya mapato kina masharti, kwa hiyo mhasibu akisome kabla hamjapanga bei. Ardhi ya ibada kwa kawaida haitozwi kodi ya ardhi ya kaunti, lakini msamaha huo unafuata matumizi: kipande kikigeuka makazi, kodi inaanza. Ongezeni ada za kaunti, upimaji, mpangaji, wakili, NEMA na matangazo ya gazeti. Nyingi hulipwa kabla ya shilingi moja kuingia.

Watu wako tayari kulipa amana sasa hivi. Tupokee?

Msipokee. Shughuli ya ardhi ya kilimo inayohitaji idhini ya bodi ni batili bila idhini hiyo, na aliyelipa ana haki ya kudai fedha zake zirudishwe. Kwa wakati huo mtakuwa mmezitumia. Wenye nia waandikishwe kwenye daftari bila malipo. Fedha zikianza kupokewa, baada ya vibali, ziingie akaunti ya wakili na zitolewe kwa hatua zilizotajwa kwenye mkataba.

Bikoni (alama za mipaka) zimewekwa na namba mpya zimetoka. Kazi imekwisha?

Bado. Saveya akishawasilisha mutesheni (fomu ya mgawanyo wa ardhi) na ramani ya eneo kurekebishwa, hati mama hufungwa na hati mpya hutoka, zote kwa jina la wadhamini. Kila ploti huhamishwa au kukodishwa kutoka hapo, moja baada ya nyingine, na kila mnunuzi afanyiwe upekuzi wa namba yake mwenyewe. Barabara na nafasi za umma zilizoonyeshwa kwenye mchoro ziwasilishwe rasmi kwa umma, la sivyo zitabaki namba zisizo na mwangalizi, na mtu atazipandia mahindi, kisha ukuta. Pigeni picha kila bikoni ikiwa ardhini pamoja na kitu cha kudumu kilicho karibu nayo, mti, nguzo ya umeme au kona ya ukuta, mchore umbali kwenye daftari la kanisa, na mtembee mipaka yote pamoja na wanunuzi na majirani siku ya kukabidhi.